Mstari wa Mashine ya Mizani

Mwaka 1999 nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na ndio mwaka mgambo waliponing'oa meno mawili kwa kirungu mbele ya geti la ghala la Ipyana, huku Kyela. Shida yangu naihesabu kuanzia hapo. Yaliyotangulia, nani alinizaa na nani alinilea, siyaandiki, maana hayakunipa kitu wala hayakuninyima kitu. Shule niliacha darasa la tatu. Wakati ule nilijua kusoma jina langu na namba zote, basi; kuandika hivi nimejifunza ukubwani. Siku ile walitupiga makuli sita kwa sababu magunia mawili ya mpunga hayakuonekana. Baada ya wiki magunia yakaonekana nyuma ya rundo, yamelaliwa na mengine. Hakuna aliyerudi kutuambia samahani. Nilimeza damu, nikajifunga mdomo kwa kitambaa, nikabeba mpaka saa kumi jioni, kwa sababu kuli akilala nyumbani leo, kesho nafasi yake ina mtu. Nikajiapiza kwamba gunia likipotea tena mahali pale, atakayepigwa hatakuwa mimi. Na kweli, sikuwa mimi.

Ninayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita tumemzika Gwakisa, kule Ikolo. Gwakisa alikuwa karani wa mizani wa ghala lile, na tangu mwaka huo mpaka anaingia kaburini alikuwa na jicho moja. Pale msibani nilipewa kiti cha plastiki kati ya wanaume, na nyuma yangu walikaa vijana wawili na sahani zao za ndizi. Mmoja akauliza jicho la marehemu lilipotelea wapi. Mwenzake akamwambia ni majambazi, walimvamia akitoka Karonga kipindi cha biashara ya sukari, wakiwa kumi, na yeye akapambana nao wote peke yake. Yule wa kwanza akatafuna kidogo, akasema, "Kumi? Kwenye kile kilio cha shangazi ulisema sita." Wakacheka kwa chini chini, kama watu wanavyocheka msibani. Mimi sahani yangu ilikuwa magotini na sikuigusa. Majambazi hawakuwepo. Mto Songwe wa mpakani na Malawi hauhusiki, wala sukari. Jicho lilitoka mchana, ndani ya chumba cha mizani, watu zaidi ya thelathini wakiangalia.

Ghala lile zamani lilikuwa la ushirika. Enzi hizo mkulima wa Kyela alikuwa na mnunuzi mmoja tu, na kila kituo kilikuwa na mawe yake ya mizani. Mimi nimebeba magunia Busale, nimebeba Ikolo, na nasema bila kumwogopa mtu kwamba kilo ya Busale haikuwa kilo ya Ikolo. Makarani walikuwa wanatoboa mawe kwa chini na kuyajaza risasi, na wengine wanayasugua usiku na mchana kama mwanamke anavyosugua sufuria. Jiwe lilikuwa mezani kwake, alifanya alivyotaka. Halafu ikaja ruhusa. Kila mwenye lori akawa mnunuzi, mpunga ukavuka kwenda Malawi na kurudi, na ghala likakodishwa kwa kampuni ya watu binafsi. Wakapaka milango rangi ya bluu. Wakaweka utaratibu kwamba mkulima analeta magunia yake, yanapimwa, anapewa stakabadhi, na siku akitaka kuyatoa akakoboe au akauze, anakuja na stakabadhi yake getini. Wakaleta kompyuta tatu zilizotumika kutoka Dar es Salaam, na pamoja nazo wakamleta dada Zuhura.

Zuhura alikuwa mtu wa Tanga, msichana mwembamba wa kujifunga ushungi, mdogo kwangu kwa miaka mitatu au minne. Mara ya kwanza mama lishe alipomwekea wali na usipa, dagaa wa ziwani kwetu, aliugeuza uso. Baada ya mwezi alikuwa anaomba aongezewe usipa na pilipili. Tulimwita Fundi, yeye akatuita kaka wote, hata mimi niliyeitwa Winchi na ghala zima kwa sababu nilikuwa nabeba gunia la kilo mia peke yangu bila kutwishwa. Kompyuta moja aliiweka chumba cha mizani kwa Gwakisa, ya pili getini kwa mlinzi, na ya tatu, ile kubwa, aliifungia chumba cha katikati chenye feni na kufuli. Hiyo ya katikati ndiyo ilikuwa na daftari lenyewe ndani yake, daftari la magunia yote na wenyewe, ambalo yeye aliliita hifadhidata. Gwakisa akipima, anaandika jina, kijiji na kilo, mashine inachapisha stakabadhi, na waya unapeleka maneno yale chumba cha katikati. Mwenye mali akija kutoa, mlinzi anaandika namba ya stakabadhi, mashine ya getini inaliuliza daftari, na namba ikiwemo mti wa geti unainuliwa. Isipokuwemo, hutoki.

Chumba cha mizani kilitengwa na stoo kwa ubao mwembamba, na makuli tulikuwa tunakula chakula cha mchana upande wa pili wa ubao ule, tumekaa juu ya magunia matupu. Kwa hiyo ugomvi wa kompyuta niliusikia wote, wali mdomoni. Zuhura alikuwa anamwambia meneja, Bwana Kilembe, kwamba namna mashine zilivyofungwa ni mbaya. Kila meza ilikuwa na faili lake dogo la mistari michache: mashine kubwa inaitwaje, ufungue daftari lipi, neno la siri ni lipi, usubiri kwa muda gani kabla ya kukata tamaa. Yeyote anayekaa mezani aliweza kulifungua faili hilo na kubadili. Na mle ndani madaftari yalikuwa mawili. Moja liliitwa Kazi. La pili liliitwa Mazoezi, nakala ya lile la kwanza, la kufundishia watu, na ukiyaangalia kwenye kioo yanafanana kama mapacha. Alitaka mistari ile iondolewe mezani kabisa, iwekwe kwenye programu ya katikati aliyokuwa ameanza kuiandika. Meza isijue daftari liko wapi wala neno la siri ni nini. Meza iombe tu, na katikati ndiyo ijue mlango wa kugonga.

Mkuu wa stoo, mzee mmoja aitwaye Mwaisaka, hakutaka kusikia. Yeye alikuwa mtu wa ushirika tangu zamani na alitembea na funguo kiunoni zinalia kama mbuzi wa kengele. Alisema meza ya mtu ni ya mtu, na faili la meza likae mezani, ili likiharibika ajulikane nani kaliharibu. Tena akauliza, hicho cha katikati kikifa, si ghala zima litalala? Meneja aliwasikiliza wote wawili, akatafuna mshikaki wake mpaka mwisho, akasema msimu umeanza, watu wanaleta mpunga, jambo hilo litaamuliwa baada ya mavuno. Lusajo, kuli mwenzangu tuliyekula naye sahani moja, akaninong'oneza kwamba wenye shule wanaweza kupigania hata kamba ya waya. Nikacheka. Kiburi changu kilikuwa hicho: nilicheka ya wenye shule, huku moyoni nayataka.

Maana niliyataka. Nilikuwa nimemwona Gwakisa, mwanamume mwembamba kuliko mguu wangu, anabonyeza vidole viwili na magunia mia mbili yanajulikana ni ya nani. Alikuwa mtu mwema, niseme. Stakabadhi za wasiojua kusoma alizisoma kwa sauti mara mbili, bila kumfanya mtu ajione mjinga. Basi mwezi wa saba baba mkwe wake akafariki Karonga, naye akavuka Songwe kwenda kuzika. Kwetu huku msiba si wa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Ghala likapunguza kazi, wakulima wachache waliokuja wakaandikiwa kwa mkono na Mwaisaka, na mashine ya mizani ikakaa bure. Nikamfuata Zuhura nikamwomba anifundishe kuandika gunia. Hakunicheka. Akafungua lile faili, akabadili mstari mmoja, Kazi ikawa Mazoezi, akaniambia hapo niandike nitakavyo, sitaharibu mali ya mtu. Akanionyesha na namna ya kurudisha. Siku tatu, wenzangu wakienda kula, mimi nilifunga mlango nikaandika magunia ya uongo ya watu wa uongo. Niliandika jina langu na kilo elfu tano. Nikaliangalia mpaka macho yakaniuma.

Siku ya tatu Zuhura alipanda basi la asubuhi kwenda Mbeya kuchukua kifaa cha mashine ya getini, akaniachia maneno mawili tu: ukimaliza, rudisha mstari. Mchana huo nilikuwa nimekaa, nimeshalifungua faili, kidole kiko juu, Mwaisaka akagonga mlango. Nikasikia zile funguo. Angeingia akakuta kuli wa darasa la tatu kwenye kiti cha karani, ghala zima lingenicheka mpaka msimu uishe. Niling'oa plagi ukutani. Kioo kikafa. Nikafungua mlango nikiwa na ufagio mkononi, nikamwambia nafagia. Akaniambia nifagie na chini ya meza. Nikafagia. Na nilipomaliza nikajiambia kwamba ukizima kitu si kimezimika? Taa ukizima inasahau. Nikadhani na mashine inasahau. Sikuuliza mtu, kwa sababu kuuliza kungeniumbua.

Gwakisa alirudi kesho yake na macho mekundu ya msiba. Nilimpa pole, akanishukuru kwa kilugha, "Ndaga, Winchi," akawasha mashine, akaanza kazi. Siku mbili alipima. Watu kumi na wanne walileta mpunga wao, wakapewa stakabadhi, wakaenda. Siku ya tatu asubuhi akaja mama mmoja wa Busale, mjane, na mkokoteni wa ng'ombe wa kukodi. Alikuwa ameweka magunia kumi na mawili juzi yake, na alitaka kuyatoa kwa sababu mtoto alikuwa amelazwa na alihitaji kuuza. Mlinzi akaandika namba. Hamna. Akaandika tena, mama akimsomea herufi kwa herufi. Hamna. Akaja wa pili, mtu wa Ikolo. Hamna. Kufika saa nne walikuwa saba, na waliokuja kupima wakashuka kwenye baiskeli zao wakasogea kusikiliza. Mama yule alikuwa ameishika stakabadhi yake kwa mikono miwili kama mtu ashikavyo mtoto mchanga, anazunguka anamwonyesha kila mtu, hata ng'ombe.

Gwakisa akatoka chumbani akasema mambo yako sawa, waje waone. Tukaingia wengi kuliko nafasi. Akabonyeza, na kweli, kwenye kioo chake walikuwepo: mama wa Busale, magunia kumi na mawili. "Yamo," akasema. "Nayaona kwa macho yangu, yamo." Mlinzi akapiga kelele kutoka getini kwamba kwake hayamo. Mwaisaka alikuwa mlangoni. Akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, kwamba kitu kilichoko kwa karani peke yake na hakiko kwa kampuni kina jina lake. Hakulitaja. Mimi ndiye niliyelitaja. Nilikuwa naona kirungu cha mgambo, naonja ile damu upya, na kila mtu chumbani alikuwa ananiangalia mimi kwa sababu ya ukubwa wangu. Nikasema, "Anachapisha stakabadhi za hewa. Atatoa mpunga wa watu, halafu meno tung'olewe sisi."

Gwakisa aligeuka kwenye kiti. Akaniambia, "Winchi, hata wewe?" Nilimpiga. Kuli wa magunia anafanya kazi na kulabu, chuma kilichopinda chenye mpini wa mti, anakidungia gunia anapolivuta, na kulabu huwa mkononi hivyo hivyo kutwa nzima mpaka unaisahau kama pete. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na kulabu. Miaka yote nimewaambia watu nilisahau kwamba ninayo. Leo ni mzee na naandika kwa mkono wangu, basi niandike ukweli: sijui kama nilisahau. Alianguka na kiti. Walimwangukia wengine, Lusajo mbele, na mlinzi akaja na fimbo, na wenye baiskeli walipiga kwa pampu, na mtu ambaye sikumjua alikuwa anampiga kwa jiwe la kuwekea mlango. Mama wa Busale naye alimpiga, kwa kandambili, huku analia, anamwuliza mwanangu atakufa kwa ajili yako? Printa ilikuwa imeguswa na kiwiko cha mtu, ikawa inatapika karatasi ile ndefu, inashuka juu ya meza, juu yake, mpaka karatasi ikawa nyekundu na ndipo watu walipoanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Mtu mmoja alifunga vifungo vya shati lake kwa utulivu kabisa, akatoka, akapanda baiskeli. Nilimwangalia Gwakisa. Uso wake upande mmoja haukuwa uso.

Polisi walikuja saa nane. Waliuliza nani alipiga. Watu zaidi ya thelathini, na hakuna aliyeona. Waliandika kwamba ni wananchi wenye hasira, wakampeleka hospitali, na Mwaisaka akawaambia karani akipona ana kesi ya wizi ya kujibu. Nami nilikuwepo, kulabu nimeshaiosha.

Zuhura alirudi kesho yake asubuhi, kifaa kimefungwa kwa gazeti mapajani. Alinikuta chumba cha mizani, nimetumwa kusugua sakafu. Aliruka ndoo yangu, akaketi, akawasha, akalifungua lile faili. Nilisikia anapumua.

"Kaka Winchi, ule mstari ulirudisha?"

Nikamwambia nilizima.

"Sikukuuliza kama ulizima."

Aligeuza kioo upande wangu. Neno la Mazoezi nilikuwa nalijua kulisoma sasa, yeye ndiye aliyenifundisha. Akafungua daftari, na wote kumi na wanne walikuwamo, mama wa Busale na kilo zake, na juu yao jina langu na kilo elfu tano za mpunga ambao sikuwahi kuulima. Nilitapika kwenye ile ndoo. Zuhura alingoja nimalize. Akaniambia kwamba na yeye yumo, kwa sababu alinipa faili ambalo hakuna mtu wa mezani aliyepaswa kupewa, na alijua hivyo, na alilalamika hivyo, lakini alinipa. Mkutano uliitishwa Jumatatu. Alisema ataonyesha magunia yote yako wapi, ila mkono uliogeuza mstari hatautaja. "Nikisema mimi, nitakuwa nimekushtaki," akasema. "Wewe ndiye wa kusema." Siku nne nilizunguka na maneno hayo. Kula nilikula. Mtu anakula tu.

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala, wakulima wamekaa juu ya magunia, Bwana Kilembe kwenye meza, makuli tumesimama ukutani. Zuhura alieleza kwamba mpunga wote upo, hakuna gunia lililoibwa, mashine ya mizani ilikuwa inaandika kwenye daftari la mazoezi. Watu wakaguna kama ng'ombe. Nilidhani hapo Gwakisa ameshaokoka. Mwaisaka akasimama. Alisema amefurahi kusikia, maana hilo ndilo alilosema tangu mwanzo: meza ni ya Gwakisa, faili ni la Gwakisa, basi mkono uliogeuza ni wa Gwakisa, na mtu hageuzi kwenda daftari la siri ila ana shughuli ya siri. Alitaka polisi waende wodini. Akataka pia kila meza iendelee kushika mipangilio yake, kwa kuwa imesaidia kumjua mhalifu. Meneja alikuwa anatikisa kichwa kukubali, namwona mpaka leo, kalamu tayari mkononi. Zuhura aliniangalia mara moja tu, akatazama chini.

Nilitoka ukutani. Sijawahi kuhutubia, nikasema kwa sauti ninayosemea na ng'ombe. Nikasema mstari ule niliuacha mimi. Nikaeleza siku tatu, mlango niliofunga, funguo za mzee Mwaisaka, plagi, ufagio. Nikasema karani hakujua kitu, alikuwa Karonga anazika, na jicho lake nimelitoa mimi kwa kulabu yangu, nikiwa ndiye mwizi niliyekuwa namtafuta. Kisha nikamwambia meneja kwamba mimi nimebeba magunia zama za mawe, na mawe yalipokuwa mezani kwa karani kila kituo kilikuwa na kilo yake. Sasa mnataka kila meza iwe na daftari lake? Toeni mawe mezani. Yawekeni pale katikati, yafungwe, ashike mtu mmoja anayejua, na wengine tuombe tu. Mwaisaka akauliza tena, hapo katikati pakifa, si ghala litasimama? Zuhura akajibu kabla yangu, "Lisimame, mzee. Likisimama tutaliona. Wiki hii halikusimama."

Lusajo alinijia kifua kwa kifua. Alisema, "Ulitufanya nusura tumuue mtu bure," akanipiga ngumi ya mdomo, na jino la tatu likaondoka. Nilishusha mikono. Wakanipiga makuli wenzangu mbele ya meza ya meneja, watu nilioshiriki nao sahani, na wakulima wengine waliotaka kusaidia, mpaka mama wa Busale akasimama katikati, kandambili zile zile miguuni, akasema yatosha, na yeye amepiga, basi wampige na yeye. Hakuna aliyempiga. Meneja alinifukuza kazi nikiwa bado chini. Kesi ya Gwakisa aliifuta papo hapo, na ya kwangu kampuni haikutaka ifike popote, kwa sababu haikutaka jina lake lisomwe. Na akaamua jambo la Zuhura. Wiki ile ile mistari iliondolewa kwenye meza zote, ikawekwa kwenye programu ya katikati. Neno la siri akawa nalo Zuhura, na nakala yake kwenye bahasha iliyopigwa lakiri ndani ya sefu. Ilipita msimu mzima, na nilisikia kwamba mara mbili katikati palikufa na ghala likalala, na mara zote mbili hakuna aliyeguswa.

Nilikwenda hospitali na uso wangu umevimba. Gwakisa alikuwa amefungwa bendeji macho yote mawili, kwa kuwa hilo la pili walikuwa bado wanalipigania. Mkewe alikuwa chini kwenye mkeka anamenya ndizi. Nilimwambia mimi ni Winchi. Gwakisa aligeuza kichwa kuifuata sauti yangu, akauliza, "Mkono wako uko mtupu?" Nikasema uko mtupu. Akanyoosha wake, akaushika, akaupapasa kidole kwa kidole kama anayehesabu, halafu akauachia. Nikamweleza yote, bila kuacha ufagio. Mkewe aliacha kumenya, kisu kimesimama.

Gwakisa akauliza, "Sasa ule mstari anaushika nani?"

Nikamwambia umehamishiwa katikati, anao Zuhura.

"Vizuri. Wasimpe mtu kama wewe." Akageuka ukutani.

Hakusema amenisamehe. Sijawahi kumsikia akilisema neno hilo, na sikumwomba. Kulabu niliitupa mtoni. Nikaanza kuchukua pumba za mpunga zilizotupwa na wenye mashine, nikawapelekea wachoma matofali, na kutoka pumba nikaingia mpunga wenyewe, na kutoka mpunga nikanunua mashine. Shule haikunisaidia. Miaka kumi na miwili baadaye Gwakisa aliingia kwenye kiwanda changu na binti yake aliyemaliza chuo, Tusekile. Nilisimama. Aliliangalia jengo lote kwa jicho lake moja, polepole, akasema amesikia nataka kuweka kompyuta. Nikakubali. Akasema, "Huyu atashika katikati. Wewe usishike." Nikasema sawa.

Basi pale msibani niliweka sahani chini, nikasimama, nikawageukia wale vijana. Nikawaambia hawakuwa majambazi kumi wala sita. Nikasema jicho hilo nililitoa mimi, na sababu yake. Waliokuwa wanapakua wakasimamisha upawa. Mjane wake alikuwa mlangoni pa nyumba, ameegemea, na sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kulia. Aliniambia, "Tunajua, baba. Kaa, chakula kinapoa." Nikakaa. Nikala ndizi zote zilizokuwa kwenye sahani, maana alikuwa ananiangalia.

Ninachomiliki leo ni hiki. Mashine mbili za kukoboa mpunga, moja Ipyana na moja Busale. Ghala la bati la magunia elfu tatu. Lori moja aina ya Fuso, na pikipiki mbili. Ekari kumi na tisa za mpunga na nne za kokoa. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba saba. Ng'ombe kumi na mmoja. Meno ishirini na manne. Kompyuta tano, moja iko chumba cha katikati chenye kufuli. Ufunguo wa kufuli hiyo sina, na neno la siri silijui. Anavyo Tusekile binti Gwakisa, na sijawahi kumwomba.